Baragumu Lipigwe Mlango Gani?

Nina kesi hapa. Mnaitaka?

Haya, ila tukubaliane kabisa: ukisikiliza, unahukumu. Sitaki mtu asikilize mpaka mwisho halafu ajifanye anafunga kamba za viatu. Na lile jibu la "wote wamefanya vizuri" lipeleke shuleni kwenu, mimi nataka jina moja. Mwenye mvi, mwenye meno ya maziwa, wote kura moja moja. Kama kuna mtu anasema watoto wasiamue mambo ya mji, aanze yeye, tumsikie.

Kisangwi tunao watu watatu.

Wa kwanza Somoe. Kipaji cha Somoe ni kusoma karatasi zilizokufa. Yale maandishi ya Kiarabu ya zamani, hayana nukta, wino umekimbia, mchwa wamekula nusu ya mstari, yeye anayasoma kama wewe unavyosoma meseji ya mchumba. Alifundishwa madrasani na babu yake, Shehe Muhidini, halafu akapata kazi mjini kwenye chumba cha nyaraka, kule serikali inakotunza makaratasi ya kale.

Wa pili Chande. Kipaji cha Chande ni kusoma udongo. Mpe kigae, atakipangusa kwa kidole, atakilamba. Ndiyo, atakilamba, msikunje sura. Halafu atakwambia hiki ni cha chungu cha kupikia, hiki cha mtungi wa maji, hiki kimetoka Uchina. Alifanya kazi na watafiti waliokuwa wanachimba magofu kisiwa cha jirani, misimu kibao. Lakini kuchimba hata kuku anachimba. Chande alikuwa anajua kuacha kuchimba. Hiyo ishikeni, tutaihitaji mbele.

Wa tatu Saumu. Saumu ni kipa wa timu ya wasichana, na kipaji chake ni kutosogea. Mshambuliaji anakuja mbio, daluga juu, Saumu anamtazama kama anatazama mbuzi anapita. Na mdomo sasa! Mechi nzima ni kelele: "Kushoto kwako! Rudi! We Mwanaidi, umekuja kulala?" Wazee wa Kisangwi walikuwa wanasema sauti ile ya mwanamke ni aibu kwa mji. Saumu akawaambia wazibe masikio, mikono si wanayo.

Sasa tukapata tajiri.

Tajiri wa chumvi. Alitaka ardhi yote kutoka ufukweni mpaka kwenye minazi achimbe mabwawa ya chumvi. Nyumba zetu, visima, makaburi, uwanja wa mpira, vyote viondoke. Tukamuuliza, kwa haki gani? Akacheka mpaka miwani ikashuka puani.

"Nyie ni wavamizi. Mmekuja juzi mkifuata pweza. Hapa hapajawahi kuwa na mji, hapa pori."

"Na yale magofu ya msikiti?"

"Lile zizi la mbuzi?"

Zizi! Zizi lina mihirabu? Mbuzi wa wapi hao walikuwa wanaswali? Watu walitaka kumrushia vitu siku ile, nami nilikuwa nimeshaokota changu.

Serikali ikaleta tume ya ardhi. Mwenyekiti wake Mama Kalolo, mwanamke mkavu, hacheki na upande wowote. Akasimama mbele yetu akasema, "Kama chini ya hapa kuna mji wa kale, hakuna mashine itakayogusa, na waliopo watabaki. Kama hakuna, mtahama. Nitarudi Alhamisi baada ya wiki tatu. Mnipe ushahidi. Hadithi za bibi zenu wapeni wajukuu."

Watu wakaguna. Mama Kalolo akangoja wamalize kuguna, akapanda gari.

Kwa hiyo mnajua kilichokuwa mezani: tubaki au tutoke. Basi. Sasa sikilizeni nani alifanya nini.

Somoe alirudi mjini akaingia makabatini. Alifukua makaratasi mpaka vumbi likampa mafua. Akapata hukumu ya kadhi wa Kisangwi, ya enzi za kale kabisa, Mreno bado hajui njia ya kuja huku. Sio karatasi yenyewe. Ni nakala ya nakala, mjukuu kanakili ya babu, na mjukuu wa mjukuu kanakili tena. Inasema hivi: mfanyabiashara mmoja wa Kisangwi aliwauzia wageni wa Kambaya, kule Uhindi, mabakuli ya kijani yaliyotoka Uchina, yana samaki wawili wamechorwa ndani kwenye kitako. Yeye akachukua vitambaa vyao vizuri. Kumbe mabakuli yana nyufa! Jamaa kaziba nyufa kwa sandarusi, ile gundi ya mti, kasugua juu, huoni kitu. Wageni wakamimina mchuzi wa moto, gundi ikalainika, mchuzi ukawamwagikia mapajani.

Ikawa kesi. Kadhi akakata: mabakuli yote yavunjwe mbele ya mashahidi, yafukiwe kushoto kwa msikiti, na juu pasakafiwe kwa chokaa, asije mtu akayafukua na kuyauza tena.

Mmesikia hiyo? Kadhi yupo, wageni wapo, mali ya Uchina ipo, tapeli yupo. Pori gani lina tapeli wa kimataifa?

Tatizo ni jina la tapeli. Faraji bin Shomari. Na hilo jina Kisangwi nzima tunalijua, maana kila mwaka ukoo wa kina Somoe wanalisoma kwenye hitima: babu yetu Faraji, mtu wa amana. Ndivyo wanavyoitwa mpaka leo, Watu wa Amana. Ukisafiri, ufunguo wa nyumba unaacha kwao. Binti akiolewa, vyombo vinalala kwao mpaka siku ya shughuli.

Shehe Muhidini akamwita mjukuu wake uani.

"Karatasi hiyo umemsomea nani?"

"Bado mtu, babu."

"Basi irudishe ulikoitoa. Utamvua nguo marehemu?"

"Babu, wakituhamisha, hitima yake tutaisomea wapi? Juu ya rundo la chumvi?"

"Somoe!"

"Yeye ameshakufa, babu. Sisi bado."

Ijumaa, watu wametoka kuswali, Somoe akasimama uwanjani akaisoma yote. Hakuruka jina. Kuanzia kesho yake watu wakawa wanapita kwa Shehe mmoja mmoja kuchukua funguo zao. Kwa adabu kabisa, kofia mkononi: "Shikamoo Shehe, ule ufunguo nimekumbuka nauhitaji." Mzee wa watu anauleta, anarudi ndani. Somoe amekaa barazani anaona kila ufunguo unavyoondoka.

Hiyo ndiyo ya Somoe.

Chande wakati huo alikuwa msimamizi wa mitaro kwenye mabwawa mengine ya yule yule tajiri. Kazi ya kudumu, sio kibarua. Alikuwa anajenga nyumba ya tofali na imefika madirishani. Aliposikia karatasi inasema kushoto kwa msikiti kuna mabakuli, alikwenda kuomba ruhusa.

"Chande," tajiri akamwambia, "ukichimba kule, hapa usirudi. Na koleo langu uliache."

Chande akamwegeshea koleo ukutani. "Chukua, bosi. Kazi ya kule inatumia mwiko wa mwashi."

Nyumba yake mpaka leo imesimama madirishani. Mbuzi wanachungulia.

Akachimba kushoto kwa msikiti. Sasa hapa lazima niwaeleze kitu, maana nyie sio wa kwetu. Kisangwi kulia na kushoto tunahesabu tukiangalia bahari. Kila kitu. Bahari iko mashariki, kwa hiyo kushoto ni kaskazini, siku zote, hata uwe umelala. Ukimwambia mtu wa Kisangwi shati lake limechanika kulia, anageukia bahari kwanza ndipo anajikagua. Daktari wa zahanati alikaribia kuacha kazi. Jino linauma upande gani? Mgonjwa anazunguka na kiti.

Basi Chande akachimba kaskazini ya msikiti. Polepole, kwa mwiko na brashi, kama anamwogesha mtoto. Akapata mchanga. Chini ya mchanga akapata makombe ya chaza. Chini ya makombe, mchanga tena. Wiki ya kwanza ikaisha. Somoe akaja kusimama ukingoni.

"Hujachimba vizuri."

"Karatasi yako inadanganya."

"Haidanganyi. Wewe shimo lako ndio bubu."

"Kila karatasi ina mtu nyuma yake aliyekuwa anataka kitu. Huyo kadhi alikuwa anataka kuonekana mkali, akaandika. Nani kamwona akifukia?"

"Na wewe ukipata kigae kitakwambia kilikuwa cha nani? Kitakwambia kwa nini kilivunjwa?"

"Angalau hakitanidanganya."

"Hakitakwambia kitu, Chande! Utakilamba tu!"

Tuliokuwa pale tukaangua kicheko, na hapo ndipo tulipoharibu. Chande akanuna, Somoe akanuna. Kesho yake yule yuko shimoni anachimba, huyu kakaa ukingoni anasoma, wamepeana migongo, na siku zinakatika.

Ndipo mpira ukaangukia shimoni.

Timu ya wasichana walikuwa mazoezini, uwanja uko nyuma tu ya magofu. Kocha wa timu ya mkoa alikuwa aje Jumapili kumwangalia Saumu. Kumwangalia yeye, kwa jina. Miaka Saumu anaisubiri hiyo Jumapili. Akaja kuufuata mpira, akawakuta wawili wale na migongo yao.

"Nyie mmeachana?"

Akachuchumaa ukingoni.

"Karatasi inasemaje, Somoe?"

"Kushoto kwa msikiti."

"Kushoto kwa nani?"

"Kwa msikiti, nimekwambia."

"Msikiti una mikono?"

Chande akainua kichwa. "Kushoto ni kaskazini, Saumu. Kisangwi toka zamani."

"Toka zamani ya nani? Kadhi alikuwa mvuvi?" Saumu akaruka ndani ya shimo akachukua mpira wake. "Mimi golini nikipiga kelele kushoto, beki wangu anajua ni kushoto kwake. Mshambuliaji wao akinifuata, kapotea. Kipindi cha pili tukibadilishana magoli, kushoto kumehama. Kushoto ni kwa mtu, jamani. Bahari haina kushoto!"

Akawashika mikono wote wawili, huyu kulia huyu kushoto, kushoto kwake yeye, akawaburuta mpaka ndani ya magofu.

"Somoe, wewe leo kadhi. Umo msikitini mwako. Simama."

Somoe akasimama. Hakufikiri, mwili tu ukageuka wenyewe, uso ukaangalia mihirabu. Kibla. Kwetu kibla ni kaskazini.

"Nyoosha mkono wa kushoto."

Akaunyoosha. Ulielekea magharibi, bahari iko upande mwingine kabisa, na kidole kikapita juu ya ukuta uliobomoka kikatua kwenye goli la Saumu.

Chande aligeuka akatazama shimo lake. Alikuwa amechimba mbele ya mihirabu. "Mali ya utapeli," alisema, "nani angeifukia mbele ya mihirabu? Mimi mjinga."

"Sote," Somoe akasema. Ndiyo neno la kwanza zuri walilopeana wiki ile.

Kisha wote wawili wakamtazama Saumu, naye akawa anatazama uwanja wake.

"Tunaweza kusubiri Jumapili ipite," Chande akasema. "Tuanze Jumatatu."

"Ukianza Jumatatu utamaliza kabla ya Alhamisi?"

Chande akahesabu siku kwa vidole, akatikisa kichwa. Saumu akatembea mpaka golini, akaukumbatia mlingoti mmoja, akautikisa, akautikisa, akaung'oa. Akautupa chini.

"Chimba."

Kocha wa mkoa alikuja Jumapili, akakuta kamba na mashimo. Akapiga picha moja, akaondoka.

Chini ya goli la Saumu, Chande akakuta sakafu ya chokaa. Ngumu, nzima, mizizi ya miti ya nyuma ya goli imeikumbatia kwa juu. Akafungua kona moja tu, padogo, pa kuingiza mkono. Akaangalia ndani. Kijani. Na mkia wa samaki.

Mji mzima ulikuwa umejaa pale. "Toa! Toa tuone!" Hata Saumu alikuwa anapiga kelele, mimi ndio usiseme. Chande akaweka mwiko chini.

"Sitoi."

"Una wazimu?"

"Nikikitoa ni kigae. Kikibaki humu, na sakafu yake juu, ni shahidi."

Tulimtukana. Kuna mtu alitaka kumsukuma aingie yeye, na Chande akajilaza juu ya ile kona kama kuku anaatamia. Akafunika na turubai, akakaa juu yake.

Jumatano katapila likaja. Tume kesho, tajiri katuma mashine leo. Dereva anasema ameambiwa asafishe uwanja tu. Saumu akaita timu yake, wakajipanga mbele ya turubai, bega kwa bega, mikono imekingwa tumboni, ule ukuta kabisa wa kuzuia faulo.

"Piga!" Saumu anamwambia dereva. "Si faulo yako? Piga tuone!"

Dereva akapiga honi. Ukuta haukutikisika. Akasogeza mashine mpaka joto la injini likawa linawapiga usoni. Msichana mmoja akalia, lakini hakutoka. Dereva akazima.

"Mimi nimeajiriwa kusukuma udongo," akasema, "sio watoto wa watu." Akashuka, akaomba maji.

Alhamisi, Mama Kalolo huyu hapa. Tajiri naye huyu hapa, na wanasheria wake wamevaa viatu vya kung'aa mchangani.

Somoe akasoma karatasi. Tajiri akainuka. "Kwanza ni nakala. Pili, Kisangwi ziko mbili. Ipo ya ng'ambo ya mto, watu walishahama. Hiyo karatasi ni ya kule."

Mama Kalolo akatikisa kichwa kukubali. "Ni kweli. Karatasi peke yake inaniambia palikuwa na mji. Hainiambii ni wapi."

Tukahisi ardhi inaondoka miguuni.

Chande akasema, "Mama, vigae vipo." Tajiri hakusubiri. "Vigae viko pwani nzima, watoto wanachezea. Na hivyo wamevizika wenyewe juzi."

"Ni kweli pia," Mama Kalolo akasema. "Vigae peke yake haviniambii vilifikaje."

Chande akavuta turubai. "Basi shuka mwenyewe, mama. Hii sakafu angalia nani kaivunja. Hii mizizi angalia nani kaikata. Kona moja tu, hii hapa, nimeifungua mimi, na kila mtu hapa amenitukana kwa sababu sikuongeza."

Mama Kalolo akavua viatu. Akashuka. Akapitisha vidole kwenye chokaa, akafuata mzizi kwa mkono mpaka ulipoishia. Alikaa kule chini muda, sisi tunaona kitambaa cha kichwa tu. Kisha akasema, "Fungua."

Yakatoka mabakuli. Rundo juu ya rundo, yote yamevunjwa, hakuna hata moja lenye mkwaruzo wa kulia chakula. Samaki wawili kwenye kila kitako. Na ndani ya nyufa za zamani kuna kitu cha manjano, kinang'aa juani kama asali iliyoganda.

"Soma tena ule mstari," Mama Kalolo akamwambia Somoe.

Somoe akasoma: akaziba nyufa kwa sandarusi.

"Kuna mtu ana kiberiti?"

Akabandua kipunje cha ile manjano, akakishikilia juu ya moto. Moshi mwembamba ukapanda. Na harufu ikaja, ile ambayo bibi zetu walikuwa wanafukizia nguo za harusi. Miaka yote hiyo chini ya goli, na bado inanukia.

Mama Kalolo akamgeukia tajiri. "Kule ng'ambo kuna haya?"

Tajiri anafuta miwani.

"Karatasi imesema, udongo umeitikia. Wanabaki." Halafu akamtazama Saumu. "Ila hapa hapaguswi tena. Hata mpira hauchezwi."

Saumu akasema, "Najua."

Sasa ndiyo kesi yenyewe inaanza, msilale.

Kisangwi tuna baragumu moja la shaba. Mtu akiuokoa mji, linapigwa mlangoni kwake. Tangu siku hiyo mtaa unaitwa kwa jina lake, na mwenye mlango anakaa barazani maisha yake yote: neno lolote kuhusu ardhi yetu, yeye ndiye anasema. Sio pambo hilo. Tajiri mwingine akija, na atakuja, huyo ndiye atakayekutana naye.

Na ni mlango mmoja. Likipigwa milango miwili ni harusi, kwa bwana na kwa bibi. Likipigwa milango mitatu ni msiba. Kuna mzee alisema basi tupige kwa wote watatu, yaishe, na mama mmoja akamjibu, "Nani amekufa? Sema jina tuanze kulia!"

Wazee wakaanza mambo yao. Mmoja akasema baragumu liende kwa diwani. Diwani! Diwani ambaye siku ya katapila alikuwa na homa! Tulimzomea mpaka akasema alikuwa anatania. Mwingine akasema kwa Somoe haiwezekani, ukoo wa tapeli. Somoe akasimama.

"Tapeli mnamjua kwa sababu mimi nimewasomea. Ningenyamaza, leo mngekuwa mnafunga mizigo, na funguo zenu ziko kwetu. Bila karatasi, nani angejua kuna kitu cha kutafuta? Chande angechimba nini?"

"Ningechimba," Chande akasema, "kwa sababu najua kuchimba. Karatasi yako Mama Kalolo aliikataa mbele ya macho yako. Udongo ndio ulioisimamisha. Ningewasikiliza nyie siku ile nikatoa vile vigae, leo vingekuwa takataka na sisi pia."

"Wote mlikuwa mmepeana migongo," Saumu akasema. "Karatasi yako ilikuwa sahihi, na mikono yako ilikuwa sahihi, na mlikuwa mnachimba hewa. Nani amewageuza? Na Jumatano mlikuwa wapi? Mmoja amekaa juu ya turubai, mwingine yuko nyuma yangu."

Mzee mmoja akadakia kwamba baragumu haliwezi kupigwa kwa msichana wa kaptula. Saumu akamwambia, "Babu, kaptula hii ndiyo ilisimama. Kanzu yako ilikuwa wapi?" Mzee akakaa chini.

Mimi naona hivi, na msinitulize: wanaotaka tuache kuamua ni wale wale wanaotaka kiti kibaki kitupu, wakikalie wao. Hatuachi. Kama wazee wanasema kijana hawezi kusema kuhusu ardhi, hii ardhi wangekuwa nayo leo?

Lakini sasa nani? Somoe ametoa jina la ukoo wake. Shehe Muhidini hajawahi kuletewa ufunguo mwingine. Chande ametoa kazi yake na nyumba yake. Saumu ametoa Jumapili yake, na Jumapili hiyo hairudi. Ukimtoa mmoja, hata yupi, tuko barabarani na magodoro kichwani. Na atakayekaa barazani ni mmoja. Unataka tajiri ajaye akutane na nani? Anayesoma hata kinachomuumiza? Anayejua pa kuacha? Au asiyesogea?

Mzee Likwata, mpigaji wetu, amechoka kutungoja. Amelitoa baragumu kwenye sanduku, amelipangusa kwa ndimu, amesimama njia panda ya kisimani. Njia moja inakwenda kwa Somoe, moja kwa Chande, moja kwa Saumu. Baragumu liko mdomoni, mashavu yameshajaa pumzi, na macho yametutolea sisi.

Haya, wewe uliyesikiliza mpaka hapa. Sogea, mshike bega. Unamgeuza aangalie wapi?